Dawa ya kuzuia damu kuganda kwa mwenye AF: mwongozo kamili wa kuimeza miaka na miaka

Kuna dawa ukimeza unajua kabisa imefanya kazi, kichwa kinaacha kuuma, homa inashuka, usiku unalala. Hii sio hiyo. Dawa ya kuzuia damu kuganda utaimeza mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi na husikii chochote, na siku ukiiacha pia husikii chochote, ndo maana watu wengi wanaiacha kimyakimya na wanajiona wako fiti tu mpaka asubuhi moja mdomo umepinda na mkono hauinuki. Kwa hiyo kazi kubwa hapa sio kumeza kidonge, kazi ni kujijengea utaratibu usiotegemea unavyojisikia.

Naandika kwa mtu ambaye tayari ameambiwa ana fibrilesheni ya atria (AF kwenye cheti) na ameandikiwa dawa ya muda mrefu, au kwa anayemwangalia mzazi mwenye hali hiyo. Dozi yako anaipanga daktari wako, usiibadilishe kwa sababu umesoma mahali, hata hapa.

Hatua ya 1: elewa unazuia nini

Kwenye AF vyumba vya juu vya moyo havipigi, vinatetemeka tu, na damu isiyosukumwa inatuama. Chumba cha juu cha kushoto kina kifuko kidogo pembeni, na kwa watu ambao valvu zao (milango ya moyo) ni nzima, kati ya mabonge 10 yanayokutwa upande huo karibu 9 yamejikusanyia humo. Bonge likichomoka linaenda na damu hadi kwenye ubongo, linaziba mshipa, na hicho ndo kiharusi. AF inaongeza hatari ya kiharusi kama mara 5, na viharusi vyake huwa vibaya kuliko vingi kwa sababu bonge linalotoka moyoni mara nyingi ni kubwa. Warfarini, dawa ya zamani ya kundi hili, ikitumiwa vizuri inapunguza viharusi hivi kwa karibu theluthi mbili, na dawa mpya zinafika hapo au zaidi kidogo.

Sasa zingatia hili: dawa hii haitibu AF. Haitulizi mapigo wala haikuondolei kuchoka au kuhema, hizo zina dawa zake. Na AF kutulia sio sababu ya kuacha. Kuna ambao yao inakuja masaa kadhaa inaondoka, kuna waliopigwa shoti moyo ukarudi kwenye mdundo wake, kuna waliofanyiwa ile ya kuunguza sehemu za moyo kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa), wote hao wanaweza kuendelea kuhitaji dawa, kwa sababu kinachoamua ni hatari yako ya kiharusi. Hatari hiyo inahesabiwa kwa pointi: umri wa miaka 65 hadi 74 pointi 1, kuanzia 75 pointi 2, presha 1, kisukari 1, moyo kushindwa kusukuma damu 1, ugonjwa wa mishipa kama kuwahi kupata shambulio la moyo 1, na ukishawahi kupata kiharusi au kile kiharusi cha dakika chache kinachopita chenyewe, 2. Zamani mwanamke aliongezewa 1 kwa kuwa mwanamke tu, mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 ukaitoa, ila sehemu nyingi bado wanaihesabu. Ukifika 2 bila kuhesabu hiyo ya jinsia unashauriwa umeze, ukiwa na 1 mnajadiliana. Muulize daktari pointi zako ni ngapi na ziandike, maana ukizijua hutayumbishwa na jirani anayekwambia mbona we mapigo yako yako sawa.

Halafu aspirini. Aspirini sio mbadala wa dawa hii, kwenye AF kinga yake dhidi ya kiharusi ni ndogo mno wakati damu inavujisha vilevile. Kama bado unameza aspirini kwa ajili ya AF peke yake, rudi ukaulize.

Hatua ya 2: ijue dawa yako kwa jina na kwa miligramu

Ziko familia mbili. Kuna warfarini, ya zamani, ilianza kutumika kwa binadamu miaka ya 1950, inazuia ini kutumia vitamini K kutengeneza vigandishi vya damu. Na kuna za kizazi kipya ambazo zinakaba kigandishi kimoja moja kwa moja: dabigatrani, rivaroksabani, apiksabani na edoksabani (kwenye boksi zile za ksa zimeandikwa kwa herufi x, usishangae). Hizi mpya hazihitaji kupimwa INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda) kila mara, hazigombani na mboga, na kubwa kuliko yote zinasababisha damu kuvuja kwenye ubongo mara chache kuliko warfarini. Kwa mtu anayeweza kuzipata na asiye na kizuizi, mi naona ndo pa kuanzia, na miongozo mingi ya moyo inasema hivyo hivyo.

Kizuizi chenyewe ni hiki, na ni cha kukariri. Mwenye valvu ya chuma, au mwenye valvu ya mitrali (ile ya kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) iliyobana kwa kiwango cha kati au kikali (mara nyingi ni matokeo ya homa ya baridi yabisi ya utotoni), dawa yake ni warfarini. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2022 wa watu wenye AF na ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi, wengi wao valvu hiyo imebana, ukalinganisha rivaroksabani na warfarini, na waliokuwa kwenye warfarini walifanya vizuri zaidi, hata vifo vilikuwa vichache. Kwa hiyo mtu wa valvu asije akabadilishiwa dawa kwa sababu rafiki kamsifia ile isiyo na INR.

Kila moja ina tabia zake. Rivaroksabani ya AF humezwa mara 1 kwa siku na lazima iende na mlo wenyewe, sio chai tupu, kwa sababu tumbo likiwa halina kitu kama theluthi moja ya kidonge cha miligramu 20 haifiki kwenye damu. Apiksabani ni mara 2 kwa siku, na chakula au bila. Edoksabani mara 1. Dabigatrani mara 2, ni kapsuli na haifunguliwi, haitafunwi, ukimwaga unga wake kwenye uji dawa inaingia mwilini kwa wingi kupita kiasi, kwa hiyo mzee anayeshindwa kumeza kapsuli mwambie daktari ampe nyingine. Pia inaweza kuunguza tumbo, meza na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa wima.

Kosa ninaloliona linarudiarudia ni dozi ndogo ya huruma. Mtu ana miaka 78, anaonekana dhaifu, anapewa apiksabani ya 2.5 badala ya 5 "ili asivuje". Lakini kushusha apiksabani kuna masharti yake, uwe na angalau mawili kati ya matatu: miaka 80 na kuendelea, uzito kilo 60 kushuka chini, kreatinini (kipimo cha figo kwenye damu) 133 kwenda juu (au 1.5 kwa maabara zinazotumia kipimo kile kingine). Una moja tu? Basi kwa kawaida ni 5 asubuhi na 5 jioni. Dozi ya chini isiyo na sababu inakupunguzia kinga ya kiharusi, na kuvuja damu haipungui kwa namna ya maana. Uliza kwa upole tu, daktari nimepewa hii ndogo kwa sababu ipi, jibu lipo kama sababu ipo.

Hatua ya 3: testi, hata kama dawa yako haina INR

Watu wakisikia dawa mpya haina testi wanapotea jumla. Hapana. Dawa hizi kwa kiasi fulani zinatoka mwilini kwa kupitia figo, dabigatrani ndo zaidi, asilimia 80 hivi inapita huko, na figo za mtu wa miaka 75 zinaweza kubadilika sana ndani ya mwaka. Kabla ya kuanza pima figo, ini na wingi wa damu, baada ya hapo angalau mara 1 kwa mwaka, na ukiwa mzee au dhaifu kila miezi 4 hadi 6. Kama figo zimeshuka chini ya 60 kwenye kipimo cha uchujaji kuna hesabu rahisi ambayo wataalamu wanaitumia: gawa namba yako kwa 10, unapata miezi. Uchujaji ni 40, unapima kila miezi 4. Na ukiharisha au kutapika siku kadhaa usingoje ratiba, maji yakipungua mwilini figo zinashuka haraka na dawa inajaa.

Uzito pia upimwe, unaingia kwenye hesabu ya dozi, usikubali kuandikiwa wa mwaka juzi. Na presha. Kati ya mambo yote yanayofanya dawa hii ivujishe damu kichwani, presha isiyodhibitiwa, hasa namba ya juu ikiwa zaidi ya 160, ndo adui unayeweza kumshughulikia mwenyewe leo.

Hatua ya 4: mfumo wa kumeza

Dawa mpya ni za muda mfupi, nguvu yake inapungua nusu ndani ya masaa 12 hivi. Ukiruka siku moja hauko kwenye akiba, uko mtupu. Warfarini inakawia kutoka, siku moja inakusamehe kiasi, lakini hiyo haimaanishi uizoee.

Nunua kile kiboksi cha wiki chenye vyumba vya asubuhi na jioni, kijaze siku moja maalum, tuseme Jumapili jioni, mbele ya mtu mwingine kama unamjazia mzazi. Faida yake sio kukumbusha, alamu ya simu inakumbusha, faida ni kwamba saa 4 usiku ukijiuliza hivi nilimeza kweli, unafungua chumba cha Jumanne unaona. Ila dabigatrani haiwekwi humo, inaharibika na unyevu, iache kwenye pakiti yake na uandike siku juu ya pakiti kwa kalamu. Na iliyo kwenye kichupa, ukishakifungua itumie ndani ya miezi 4, kifuniko kikiwa kimefungwa.

Ukisahau dozi, kwa dawa mpya kanuni ni nusu ya muda. Ya mara 2 kwa siku una masaa 6 ya kuimeza, ya mara 1 una masaa 12, ikipita hapo iache, meza inayofuata kwa wakati wake. Warfarini meza ukikumbuka siku hiyohiyo, ukikumbuka kesho yake achana nayo, andika kwenye kadi kwamba ulikosa. Usimeze mbili kufidia, kwa dawa yoyote kati ya hizi. Ukimeza mbili kwa bahati mbaya piga simu kliniki au kwa mfamasia kabla ya dozi inayofuata, na angalia dalili za kuvuja.

Zikibaki vidonge vya wiki moja hadi mbili, ndo siku ya kufuata nyingine. Kuishiwa dawa kwa siku tatu kwa sababu ya safari au foleni kumewapeleka watu wodini.

Hatua ya 5: kama uko kwenye warfarini

Hapa pana kazi zaidi. INR inaonyesha damu yako inachukua muda gani kuganda ukilinganisha na ya kawaida ambayo ni kama 1. Kwa AF tunataka 2 hadi 3 (wenye valvu ya chuma wengine wanawekewa juu zaidi). Chini ya 2 unaelekea kwenye bonge, juu ya 3 unaelekea kwenye kuvuja, na ikipita 4 na kitu hatari inapanda kwa kasi. Mwanzoni unapima kila baada ya siku chache, halafu kila wiki, ikitulia kila wiki 4 au hata zaidi. Humezwa jioni kwa sababu moja tu, majibu ya INR yakitoka mchana daktari anaweza kubadilisha dozi ya siku hiyohiyo.

Soma miligramu, sio rangi. Uingereza kidonge cha pinki ni miligramu 5, Marekani pinki ni miligramu 1, na kampuni nyingine zina rangi zao. Ukibadilishiwa boksi na rangi imebadilika, simama hapohapo dirishani uulize.

Chakula: hakuna haja ya kuacha mboga za majani. Zina vitamini K ndio, lakini kinachovuruga INR ni kubadilikabadilika, wiki hii sahani nzima kila siku, wiki ijayo hakuna. Kula kiasi kilekile siku zote na dozi itapangwa kufuata mlo wako. Mtu aliyeambiwa asiguse mboga kabisa mara nyingi INR yake ndo inayumba zaidi, maana siku akila kidogo tu inashuka.

Angalia kadi ya mtu hii: INR 2.4, mwezi unaofuata 2.6, unaofuata 2.5, afu ghafla 5.1. Hajabadilisha kitu, anaapa. Ukimhoji taratibu unakuta wiki iliyopita jino lilimuuma akapewa metronidazoli, ambayo ni antibayotiki. Hiyo ndo stori ya kadi nyingi. Antibayotiki ikianza, INR ipimwe tena baada ya siku 3 hadi 5.

Na kama zaidi ya theluthi moja ya muda INR yako iko nje ya 2 hadi 3 ingawa unameza vizuri, hiyo ni hoja ya kwenda nayo kwa daktari kuuliza kuhusu dawa mpya, kama valvu zinaruhusu. Wakati wa kuhama huwezi kumeza zote mbili, warfarini inaachwa kwanza na INR inasubiriwa ishuke.

Hatua ya 6: dawa nyingine, hapa ndo watu wanapoumia

Za maumivu: ibuprofeni, diklofenaki, naproxeni, na ndugu zao wote, ziwe vidonge au sindano, achana nazo. Zinachubua tumbo na zinazuia chembe za damu kushikana, juu ya dawa yako ni hatari mbili kwa mpigo. Parasetamoli ndo ya kwenu, ila kwenye warfarini ukiimeza dozi kamili siku nyingi mfululizo INR inapanda, kwa hiyo taarifu.

Zinazopandisha nguvu ya warfarini: metronidazoli, kotrimoksazoli, siprofloksasini, flukonazoli, amiodaroni. Zinazoshusha: rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini na fenitoini za kifafa, na hizi zinashusha hata dawa mpya, yaani unameza kila siku na kinga haipo. Kwa wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri au kobisistati ni kinyume, zinaweza kuzijaza dawa mpya mwilini. Sio kwamba haiwezekani kutumia, ila lazima anayeandika ajue zote mbili.

Mitishamba na virutubisho vya kwenye vichupa, sitabishana na mtu kama vinafaa au havifai, nasema tu usivimeze kwa siri. Vidonge vya kitunguu saumu, ginko, vitu vya "kusafisha damu", vingine vinaongeza kuvuja na vingine havijulikani vina nini ndani.

Kama una stenti (kile kibomba cha kushikilia mshipa wa moyo uwe wazi) na umepewa aspirini au klopidogreli pamoja na dawa hii, uliza swali moja: mpaka tarehe ngapi? Kwa wengi huwa ni miezi, isizidi mwaka, baada ya hapo dawa ya kuzuia kuganda inabaki peke yake. Kuna watu wanabeba zote miaka mitano kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuandika stop.

Pombe punguza sana, kulewa ndo kabisa, inachezea INR na inaangusha watu.

Hatua ya 7: damu ikitoka

Michubuko midogo, fizi kutoka damu ukipiga mswaki, kidonda cha kunyoa kukawia kukauka, hivyo vitakuwepo, tumia mswaki laini na maisha yaendelee. Pua ikitoka damu kaa wima, inama mbele, usirudishe kichwa nyuma, bana sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15 kwa saa bila kuchungulia. Kuchungulia kila dakika ndo kunafanya isikome. Ikipita nusu saa bado inatoka, nenda hospitali. Hedhi ikiwa nzito kuliko kawaida usivumilie tu miezi, kuna njia za kusaidia, sema.

Cha kukimbilia hospitali bila kujadili: choo cheusi kama lami, kutapika damu au kitu kama makapi ya kahawa, mkojo mwekundu usiokoma, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuisikia, na kugonga kichwa hata kama unajisikia mzima kabisa, maana damu ya ndani ya fuvu inaweza kujikusanya polepole.

Na wazee wanaoanguka? Familia nyingi zinaacha dawa kwa sababu hii. Mwaka 1999 kuna watafiti walikokotoa kwamba mzee mwenye AF angehitaji kuanguka kama mara 295 kwa mwaka ndo hatari ya kuvuja kichwani ishinde faida ya warfarini. Ni hesabu ya makadirio, ila inaonyesha uzito uko upande gani. Shughulikia kuanguka kwenyewe: taa ya kwenda chooni, viatu, macho, dawa za presha au za usingizi zinazomlevya.

Hatua ya 8: jino, upasuaji, mimba

Kung'oa jino moja hadi matatu mara nyingi hakuhitaji kuacha dawa, daktari wa meno anakandamiza na pamba na kushona, au mnachelewesha dozi moja ya asubuhi. Upasuaji mkubwa warfarini huachwa siku 5 kabla, dawa mpya kwa kawaida siku 1 hadi 2, zaidi kama figo ni dhaifu na ni dabigatrani. Usijipangie. Na usitoke bila kuandikiwa tarehe ya kuanza tena, kwa sababu kuacha kila mtu anakumbuka kukwambia, kuanza hakuna anayesema.

Chanjo zinachomwa kama kawaida kwa sindano nyembamba, unakandamiza dakika 2 bila kusugua. Sindano nyingine za msuli kwenye kalio, waambie kwanza unatumia nini.

Mwanamke anayeweza kushika mimba apange na daktari mapema. Warfarini inaweza kuharibu mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na dawa mpya haziruhusiwi kwenye mimba. Ukigundua una mimba usiache mwenyewe, nenda siku hiyohiyo ubadilishiwe. Kunyonyesha ukiwa kwenye warfarini hakuna shida.

Hatua ya 9: kadi ya kwenye pochi

Jina la dawa, miligramu, saa za kumeza, sababu (AF), majibu ya figo ya mwisho na tarehe yake, dawa nyingine zote, namba ya mtu wa kupigiwa. Piga picha uweke pia mbele ya simu ambako mtu anaweza kuiona bila kufungua.

Kila anayeishi na wewe ajue dalili za kiharusi: uso upande mmoja umelegea, mkono mmoja unashuka wenyewe ukiinuliwa, maneno hayaeleweki. Akiona hata moja tu hasubiri ipite, anakupeleka, na anabeba kadi na boksi la dawa. Kule mapokezi kitu cha kwanza cha kuwaambia ni dalili zilianza saa ngapi, na cha pili ulimeza kidonge cha mwisho saa ngapi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge inategemea majibu ya hayo maswali mawili, na kwa dabigatrani ipo dawa ya kuizima nguvu ndani ya dakika chache kama hospitali hiyo inayo.